Pointi 12 nilizokosa: namna ya kuisoma GPA yako na kuipandisha ungali chuoni

Nilimaliza shahada ya miaka mitatu nikiwa na GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, ya 3.4 kati ya 5. Miezi kadhaa baadaye, nipo nyumbani nasubiri majibu ya maombi ya kazi, nilichukua kalamu nikaihesabu upya mwenyewe. Krediti 360, yaani uzito wa kozi zote kwa pamoja, na pointi 1,248. Ukigawanya pointi kwa krediti unapata 3.466. Ili nifike 3.5, yaani daraja la pili la juu, nilihitaji pointi 1,260. Nilipungukiwa pointi 12. Nikarudi kwenye orodha ya matokeo yangu, nikaikuta kozi moja ya mwaka wa kwanza, ya krediti 12, ambayo nilipata alama 59. Sitini ni B+. Alama moja tu ingeniletea pointi zilezile 12.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa miaka yote mitatu sikuwahi kukaa chini nikapiga hesabu hii hata mara moja. Nilisoma, nilikesha, niliomba Mungu, kisha nikasubiri matokeo kama mkulima anayesubiri mvua. Kumbe ni hesabu ya shule ya msingi: kuzidisha, kujumlisha, kugawanya. Mdogo wangu uliye mwaka wa kwanza au wa pili, chukua kikokotoo cha simu tufuatane. Mwongozo huu ni wa vyuo vya Tanzania, hasa wa shahada. Wa diploma nitawagusa njiani.

Hatua ya 1: Ijue mizani ya chuo chako

Tafuta prospektasi au kanuni za mitihani za chuo chako. Wengi tunaipokea siku ya usajili na haifunguliwi tena. Ukurasa unaoutaka ni wa jedwali la madaraja. Kwa shahada, vyuo vikuu vingi nchini hutumia mizani hii:

A: alama 70 hadi 100, pointi 5
B+: alama 60 hadi 69, pointi 4
B: alama 50 hadi 59, pointi 3
C: alama 40 hadi 49, pointi 2
D: alama 35 hadi 39, pointi 1
E: chini ya 35, pointi 0

Kufaulu kunaanzia C. D inabeba pointi moja lakini bado umefeli. Kozi za udaktari na fani nyingine za afya huwa na viwango vya juu kuliko hivi, kwa hiyo ukiwa huko usitumie jedwali langu, fuata la kwenu. Kwa diploma iliyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, ngazi ya 6, A huanzia 75, B+ 65, B 55 na C 45.

Ukishapata GPA ya mwisho, daraja la shahada husomwa hivi: 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, ambalo mitaa ya chuo huliita apa, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, yaani loa; na 2.0 hadi 2.6 ni kupita tu.

Mistari hii ina kazi duniani. Mwenye diploma anayetaka kuingia shahada kwa kawaida huulizwa 3.0. Milango mingi ya uzamili inafunguka ukiwa na 2.7. Ukitaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi, matangazo ya kazi huandika 3.8 kwenda juu. Nje ya hapo, waajiri wengi hawaulizi desimali. Kwa hiyo kabla hujaanza kujitesa, jiulize unautaka mlango upi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: vyuo vingi haviikadirii GPA kwenda juu, vinaikata kwenye desimali moja. 3.49 inaandikwa 3.4. Wewe uliyezoea sekondari kwamba 3.46 inakuwa 3.5, hapa sahau.

Hatua ya 2: Hesabu muhula mmoja kwa mkono

Kila kozi ina krediti. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, semina, kusoma peke yako, kazi za nyumbani, mtihani, vyote ndani. Mwaka una krediti zisizopungua 120 hivi, na shahada ya miaka mitatu 360. Kozi ya krediti 12 ina uzito mara moja na nusu ya kozi ya krediti 8, na hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Kanuni: zidisha pointi za daraja kwa krediti za kozi, jumlisha zote, gawanya kwa jumla ya krediti. Tuchukue muhula wa kozi sita:

Kozi ya kwanza, krediti 12, B: 3 × 12 = 36
Kozi ya pili, krediti 12, B+: 4 × 12 = 48
Kozi ya tatu, krediti 12, C: 2 × 12 = 24
Kozi ya nne, krediti 8, A: 5 × 8 = 40
Kozi ya tano, krediti 8, B: 3 × 8 = 24
Kozi ya sita, krediti 8, B+: 4 × 8 = 32

Jumla ni pointi 204 kwa krediti 60. Gawanya: 3.4. Loa.

Sasa tuseme ile C ilikuwa alama 48, na mwanafunzi angepata 50. Kozi ya tatu ingepanda hadi pointi 36, jumla 216, GPA 3.6. Alama mbili kwenye karatasi moja zimemtoa loa zikampeleka apa. Lakini je, angepandisha kozi ya tano, yenye krediti 8, kutoka B hadi B+? Angepata 212 kwa 60, ambayo ni 3.53, ikikatwa 3.5. Imetosha, lakini kwa kubana.

Fanya hivi kwa muhula wako uliopita sasa hivi. Usitegemee namba inayoonekana kwenye akaunti yako ya chuo peke yake, kwa sababu namba hiyo haikuambii pointi zilivujia wapi.

Na usisahau kuuliza idarani ni kozi zipi hasa zinaingia kwenye hesabu. Mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita filidi, yakiwa na krediti kwa kawaida yanahesabiwa kama kozi nyingine yoyote. Nimeona watu wakiichukulia filidi kama likizo, ripoti inaandikwa usiku mmoja, halafu wanashangaa B. Ripoti ya filidi na utafiti wa mwaka wa mwisho ni mahali pachache ambapo unajua swali tangu mwanzo, una wiki nyingi, na una mtu wa kukusahihisha kabla hujakabidhi. Pointi za pale zinauma zaidi zikipotea.

Hatua ya 3: Tazama mbele, si nyuma tu

Hii ndiyo hesabu iliyonitia baridi nilipoifanya nimechelewa. Chukua lengo lako, lizidishe kwa krediti zote za programu. Toa pointi ulizonazo tayari. Kinachobaki kigawanye kwa krediti zilizobaki.

Mfano. Unataka 3.5 kwenye krediti 360, yaani pointi 1,260. Umemaliza mwaka wa kwanza na 2.9, kwa hiyo unazo 2.9 × 120 = 348. Zinabaki 912 kwa krediti 240. Ukigawanya ni 3.8. Ni kazi, lakini wapo wanaoiweza.

Mwanafunzi yuleyule akizubaa hadi mwisho wa mwaka wa pili, bado yuko 2.9: anazo 696, zinabaki 564 kwa krediti 120, anatakiwa apate 4.7 mwaka mzima wa tatu. Karibu kila kozi iwe A.

Akizinduka muhula wa mwisho: anazo 870, zinabaki 390 kwa krediti 60. Hiyo ni 6.5, na mizani inaishia 5. Hapo hata akiacha kulala, haifiki.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mwaka wa tatu wanawaambia wageni kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Krediti za mwaka wa kwanza zina uzito uleule. Tena kozi zake mara nyingi ni za msingi na nyepesi kuliko zitakazofuata.

Hatua ya 4: Angalia mipaka

Mizani ya GPA haijali alama, inajali daraja. Aliyepata 61 na aliyepata 69 wote wana pointi 4. Aliyepata 70 na aliyepata 92 wote wana 5. Ukilielewa hili, utaona kwamba alama zenye thamani kubwa ni zile zilizo chini kidogo ya mstari: 48, 49, 58, 59, 68, 69.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, chora jedwali. Kila kozi, krediti zake, alama zako za kozi weki (testi na kazi za katikati ya muhula), na unachohitaji kwenye mtihani. Vyuo vingi kozi weki ni 40 na UE ni 60. Ukiwa na 36 kati ya 40, unahitaji 34 tu kati ya 60 kupata A. Kozi hiyo iguse, usiikeshee. Ukiwa na 26, A inahitaji 44 kati ya 60, na hapo pana kazi ya kueleweka. Ukiwa na 18, A inataka 52 kati ya 60. Kuwa mkweli, lenga B+, ambayo inahitaji 42.

Tatizo letu ni kwamba tunasoma tunachokipenda. Kozi tunayoiweza tunaifungua kila jioni kwa sababu inatupa raha, na ile nzito ya krediti 12 tunaipa Jumapili moja. Jedwali hili linakuvua huo uongo. (Kama kozi unayoipenda ndiyo utakayoifanyia kazi maisha yako yote, isome kwa ajili ya nafsi yako. Hapa nazungumzia pointi tu.)

Hatua ya 5: Kozi weki ndiyo akiba

Ile 59 yangu niliifuatilia hadi chanzo. Kulikuwa na kazi ya kundi, watu wanane, yenye alama 10. Mimi nilichangia jina. Jamaa aliyejitolea kuiandika alikwenda stesheneri jioni ya kukabidhi, akachapa alichonacho. Tukapata 4. Sikumlaumu, maana na mimi sikuwepo.

Tangu hapo nikaweka masharti ambayo nakupa bure. Kundi likiwa kubwa, gawaneni maswali siku ileile kazi inapotolewa, kisha mtu mmoja asome yote na kuyaunganisha siku mbili kabla. Ukiona wote wamelala, andika wewe. Unawabeba wengine, sawa, lakini alama ni zako pia.

Majaribio ya darasani, yale testi ya kwanza na ya pili, yanatoka kwenye mada chache za mwanzo. Ni rahisi kuyapata vizuri kuliko UE, kwa sababu unasoma wiki tano za mihadhara badala ya kumi na tano. Anayeichukulia testi kama mazoezi anajipa deni la kulipa Julai. Isitoshe, kwenye vyuo kadhaa usipofikisha kiwango cha kozi weki, mara nyingi 16 kati ya 40, hata chumba cha UE huingii.

Hifadhi karatasi zako zote zilizosahihishwa. Piga picha kila moja. Utaona faida yake hatua ya 8.

Hatua ya 6: Kupiga msuli kwa akili

Rudi kwenye ile krediti moja ya saa 10. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120. Kwa muhula wa wiki 15, hiyo ni saa 8 kwa wiki, mihadhara na semina ikiwemo. Ukihudhuria saa 4, zinabaki 4 zako mwenyewe. Kwa kozi sita za ule mfano wetu ni saa 40 kwa wiki, kama mfanyakazi wa ofisini. Si nyingi kama tunavyojiogopesha, ila hazikubali kulipwa zote wiki ya mwisho.

Mitihani iliyopita, pasti pepa zetu, itafute mwanzoni mwa muhula, si mwishoni. Isome kabla ya mhadhara ili ujue mhadhiri hupenda kuuliza nini, kisha jibu maswali kwa kuandika, saa mbele yako. Kuyasoma majibu ya mtu mwingine kwenye desa, yaani nakala za noti na majibu zinazozunguka chuoni, kunakupa hisia ya kuelewa, lakini siku ya UE kalamu inagoma. Hili linatuhusu hasa sisi tuliosoma kwa Kiswahili shule ya msingi: jambo unalijua, ukaweza kulieleza kimbwetani, kwenye vile viti vya saruji vya kusomea nje, kwa Kiswahili safi, lakini Kiingereza cha kuliandika hakiji. Tiba yake ni kuandika majibu kamili kila wiki, hata mawili tu, na kumpa mwenzako ayasome.

Diskasheni ya vimbwetani ina faida ikiwa kila mmoja amekuja amesoma. Watu wanne wanatosha. Wakifika tisa, saa ya kwanza ni siasa za Simba na Yanga, ya pili ni nani kapata bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, na nani bado.

Na kuhusu bumu: usipange bajeti kama mtu ambaye fedha zitaingia tarehe aliyoitarajia. Wenzangu wengi walikosa testi au walifanya wakiwa na njaa kwa sababu hiyo. Weka pembeni nauli na chakula cha wiki za mitihani kabla hujanunua kitu kingine. Kama umebebwa chumbani kwa mtu, tafuta mapema sehemu ya kusomea, kwa sababu chumba cha wawili wanaolala wanne si pa kusomea.

Hatua ya 7: Ukiumwa, ukifeli

Kuna tofauti kubwa kati ya kuahirisha mtihani na kuufeli, na watu wanaigundua wakiwa wamechelewa. Ukiumwa au ukipata msiba mzito kabla ya UE, omba kuahirisha kwa maandishi, na karatasi ya hospitali ya kutambulika, kabla mtihani haujafanyika. Ukikubaliwa utafanya mtihani maalumu, na alama zako zitahesabiwa kikamilifu, hata A unaipata.

Ukiingia mtihani unatetemeka homa ukafeli, unakwenda sapu, yaani mtihani wa marudio. Na sapu, kwa kanuni za vyuo vingi, haikupi zaidi ya C hata ukijibu kama malaika. Kwenye kozi ya krediti 12, tofauti ya A na C ni pointi 36. Ushujaa wa kuingia mtihani unaumwa unagharimu.

Ukiwa na sapu, usione aibu ukajificha. Isome kama mtihani wa kwanza, kwa sababu ukiishindwa unabeba kozi kwenda mwaka unaofuata, na huko inagombania muda na kozi mpya. Sapu nyingi kwa pamoja, au GPA ya mwaka ikishuka chini ya mstari wa chuo, ndiyo njia ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mstari huo upo kwenye kanuni zilezile za hatua ya 1.

Hatua ya 8: Kagua matokeo, usiyapokee tu

Kozi weki hubandikwa kabla ya UE. Nenda uitazame, linganisha na picha zako. Alama ya testi iliyosahaulika kuingizwa ni jambo la kawaida kabisa, na mhadhiri huirekebisha kwa dakika mbili ukimfuata na karatasi mkononi. Ukimfuata baada ya matokeo kupitishwa na seneti, hiyo tayari ni safari ya ofisi hadi ofisi.

Matokeo ya UE yakitoka na huamini, kuna rufaa. Ina ada na ina muda wa mwisho, mara nyingi mfupi. Kata rufaa ukiwa na sababu, kwa mfano kozi weki yako ni 34 na jumla imekuja 45. Ukikata kwa hasira tu, mara nyingi utapoteza ada.

Ukitoka nje na hiyo GPA

Unapojaza fomu za vyuo vya nje, andika mizani pia: 4.2 kati ya 5.0. Marekani mizani kwa kawaida inaishia 4.0, na 4.2 peke yake itawachanganya. Usijibadilishie mwenyewe kwa kugawanya na kuzidisha. Wapo wanaofanya tathmini hiyo kwa kusoma transkripti nzima. Ukiomba Kenya, vyuo vingi huko hupanga madaraja kwa wastani wa alama, 70 ikiwa daraja la kwanza, kwa hiyo transkripti yenye alama inakufaa kuliko ile yenye herufi tupu.

Kabla ya mahafali, pitia transkripti mstari kwa mstari: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, krediti za kila kozi, herufi, jumla.

Ile 3.4 yangu ilinifikisha uzamili, kwa kuwa mlango wake ulikuwa 2.7. Wiki ya kwanza kabisa nilichora jedwali la kozi na krediti, nikalibandika nyuma ya mlango wa chumba. Niliyekuwa naishi naye aliuliza kama ni ratiba ya kufua.